Mtungi wa Gesi na Mswada wa Fedha

Leo nimeuchagua mtungi wa gesi wa kilo 6, ule mdogo unaofungwa nyuma ya bodaboda ukapelekwa Kawangware, Kisauni au Nyalenda. Nataka tuulizane ni nani hasa anayeamua bei yake, kwa maana si yule ambaye wengi wetu tunamdhania.

Ikitajwa sera ya nishati, fikira zetu hukimbilia Wizara ya Nishati na mipango yake ya miaka kumi. Mipango hiyo ipo na ina kazi yake. Upo mkakati wa kitaifa wa nishati ya kupikia, wa 2024 hadi 2028, unaotaka kila jiko la Kenya liwe limepata nishati safi kufikia mwaka huo wa mwisho. Lakini muuza gesi afunguapo duka asubuhi hautazami mkakati. Anautazama Mswada wa Fedha. Mswada huo hufikishwa katika Bunge la Taifa kufikia tarehe 30 Aprili. Mwezi wa Mei unakaa mbele ya Kamati ya Fedha, wananchi wakitoa maoni yao. Mwezi wa Juni wabunge wanaupigia kura, Rais anautia saini, na ifikapo tarehe 1 Julai bei zimebadilika. Moto wa jikoni kwetu huamuliwa humo, na wanaouandika mswada huo ni watu wa Hazina ya Kitaifa, ambao kazi yao ni kutafuta pesa za kuendesha serikali. Kutafuta pesa si kosa. Kosa ni sisi kujifanya kwamba nishati inaamuliwa kwingine.

Tuitazame gesi yenyewe. Mwaka 2016 serikali iliiondolea VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani, kusudi watu waache mkaa na mafuta ya taa. Biashara ikaitikia. Vibanda vya kuuzia gesi vikafunguliwa hadi vichochoroni, na kampuni zikaingiza mitungi midogo kwa wingi, kwa sababu mnunuzi wa mtungi mdogo ndiye mwingi. Kisha Sheria ya Fedha ya 2020 ikairudisha gesi kwenye ushuru. Utekelezaji ukasogezwa mbele mwaka mmoja, na tarehe 1 Julai 2021 gesi ikaanza kutozwa asilimia 16. Mwaka 2022 Bunge likaushusha ushuru hadi asilimia 8. Mwaka 2023 ukafutwa kabisa, pamoja na ada ya kuagiza bidhaa kutoka nje na ile ya ujenzi wa reli. Sufuri, kumi na sita, nane, kisha sufuri tena, yote hayo ndani ya miaka miwili.

Vifaa vya umeme wa jua navyo vilipitia njia hiyo hiyo, ila kwa zamu iliyopishana. Julai 2020 viliondolewa msamaha wa VAT, Julai 2021 vikarudishiwa. Maana yake ni kwamba mwezi ule ule serikali ilipokuwa ikimwambia Mkenya anunue paneli ya jua kwa nafuu, ilikuwa ikimwongezea bei ya gesi. Mwenye duka linalouza vyote viwili, na maduka ya namna hiyo ni mengi katika miji yetu midogo, alilazimika kupandisha bei upande mmoja wa rafu na kushusha upande wa pili, bila kujua mwaka ujao mambo yatageukia wapi.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu watu hudhani ushuru ukishuka kila mtu anafurahi. Fikiria mwenye kibanda cha gesi aliyejaza stoo yake tarehe 28 Juni 2022. Amenunua mitungi ikiwa na asilimia 16 ndani ya bei. Tuseme gesi ya mtungi mdogo bila ushuru ni shilingi 1,000, hesabu ya mfano tu. Yeye amelipa 1,160. Tarehe 1 Julai jirani yake ananunua kwa 1,080, na mteja anajua, maana habari za bei husambaa haraka kuliko taarifa za serikali. Yule wa kwanza atauza kwa hasara au atakaa na mitungi yake. Sheria ya VAT inamruhusu mfanyabiashara aliyesajiliwa kudai ushuru alioulipa wakati wa kununua. Lakini usajili ni lazima kwa yule anayeuza bidhaa za shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka, na mwenye kibanda hajafika huko. Kwake yeye VAT ni gharama iliyokufa. Kampuni kubwa inadai, kibanda kinameza.

Wala hapo sijataja mnunuzi. Mamlaka ya nishati na petroli, EPRA, hutangaza kila tarehe 14 ya mwezi bei za juu za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Gesi ya kupikia haimo katika tangazo hilo. Kwa hiyo ushuru ukiongezwa, bei inapanda siku hiyo hiyo. Ukipunguzwa, hakuna anayemlazimu mtu kuishusha bei. Na mwaka 2022, soko la dunia lilipochafuka, kujaza mtungi wa kilo 13 kulipita shilingi 3,000. Mama anayekaanga mandazi kando ya barabara hana namna ya kujua katika bei hiyo kipi ni cha soko, kipi ni cha Hazina na kipi kimebaki mfukoni mwa msambazaji. Yeye anaona tu kwamba gesi imemshinda.

Gesi ikimshinda, aende wapi? Swali hili linaniuma, na ndilo lililonifanya nichague mada ya leo.

Mlango wa kwanza ni mafuta ya taa. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha ilileta tozo ya shilingi 18 kwa kila lita. Sababu yake ilikuwa nzuri: wafanyabiashara wasio waaminifu walikuwa wakichanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa rahisi, na dizeli, na injini za malori zikiharibika barabarani. Bei ya mafuta ya taa ikisogezwa karibu na ya dizeli, faida ya kuchanganya inatoweka. Kwa upande wa malori, hoja hiyo siwezi kuipinga. Lakini wakati tozo inajadiliwa, aliyewekwa mbele ni lori. Mwenye jiko la utambi katika chumba cha kupanga alilipishwa kosa la mtu mwingine kabisa, mtu ambaye pengine hajawahi kukanyaga mtaa wake.

Mlango wa pili ni mkaa. Tarehe 24 Februari mwaka huo huo wa 2018 serikali ilitangaza marufuku ya siku 90 ya ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Sababu hii nayo ilikuwa nzuri. Mito ilikuwa imepungua maji, ukame umebana, na katiba yetu, katika kifungu cha 69, inaitaka dola ijitahidi kufikisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Kitui, gavana alikuwa ameshapiga marufuku biashara ya mkaa na mchanga mwezi uliotangulia. Mkaa mwingi tunaotumia hautoki kwenye misitu ya serikali. Unatoka katika ardhi kavu za watu binafsi na za jamii. Lakini marufuku ilipotangazwa, kila gari lililobeba gunia likawa la kushukiwa. Mkaa haukuisha, ulipanda bei tu, na katika bei hiyo mpya mlikuwa na gharama ya kupita vizuizini usiku.

Siku 90 zile zilikuja kuwa miaka zaidi ya mitano. Ziliongezwa, zikaongezwa tena. Elburgon na Molo, miji iliyojengwa juu ya mbao, viwanda vya kupasulia miti vikanyamaza na vijana wakatawanyika kutafuta vibarua. Mafundi seremala wakageukia mbao kutoka Tanzania, Uganda na Kongo, yaani miti ikakatwa kwingine kwa ajili yetu. Julai 2023 Rais akatangaza huko Molo kwamba marufuku imeondolewa. Mwezi uliofuata mahakama ikasimamisha tangazo hilo, kwa kesi iliyofikishwa na Chama cha Mawakili. Jiweke katika nafasi ya mtu aliyekopa benki mwezi wa Julai ili akarabati msumeno wake.

Mlango wa tatu ndio gesi yenyewe tuliyoanza nayo, iliyowekewa asilimia 16 mwaka 2021.

Zipange tarehe hizo pamoja. Februari 2018, misitu. Septemba 2018, mafuta ya taa. Julai 2021, gesi. Idara ya misitu ilikuwa ikilinda vyanzo vya maji. Wasimamizi wa mafuta walikuwa wakilinda injini. Hazina ilikuwa ikiziba pengo la bajeti baada ya korona. Kila mmoja alikuwa na haki katika ofisi yake. Ila milango yote mitatu ilikuwa ya nyumba moja, na ndani mlikuwa na mtu mmoja akitaka kupika ugali. Serikali yetu hutunga sera kwa wizara, na mwananchi hupika kwa jiko moja. Hakuna meza ambapo watu hawa watatu waliketi wakaulizana: wewe ukifunga, mimi nimeacha wazi?

Tanzania walipata somo kama hili mapema. Mwaka 2006 serikali yao ilipiga marufuku mkaa, Dar es Salaam ikahangaika, na baada ya muda mfupi agizo likalegezwa. Mwaka 2024 walikuja na njia nyingine: mkakati wa miaka kumi, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Sisemi watafika. Nasema mfanyabiashara wa Kitanzania amepewa angalau tarehe ya kupangia, na kwa mtu anayewekeza kwenye matangi na mitungi, tarehe ina thamani. Sisi tuna lengo la 2028, na kodi ambayo hakuna anayeweza kuiapia hata mwaka mmoja mbele.

Kuna upande mwingine wa sera ambao hauingii katika Mswada wa Fedha, nao ni kanuni za biashara yenyewe. Hizi huandaliwa na wizara pamoja na EPRA, zinachapishwa katika Gazeti Rasmi, na wachache sana huzisoma kabla hazijawafikia mlangoni. Mwaka 2009 kanuni za gesi ziliamuru mitungi ya kampuni zote iwe na valvu ya aina moja na iingie katika kapu la pamoja. Ukawa unaweza kupeleka mtungi mtupu wa kampuni hii, ukarudi na uliojaa wa kampuni ile. Kwa mnunuzi na kwa muuzaji mdogo huo ulikuwa ukombozi, kwani hakufungwa na chapa moja. Lakini kampuni zikaanza kuona mitungi ziliyoinunua ikizunguka mikononi mwa watu zisiowajua, ikijazwa uani, mingine ikipunjwa uzito, mingine ikiwa mibovu. Ajali ikitokea, jina lililoandikwa kwenye mtungi ndilo linalochafuka.

Mwaka 2019 kanuni zikageuzwa. Kapu la lazima likaondolewa, na ikawa ni kosa kujaza mtungi wa kampuni bila idhini yake ya maandishi. Mimi nauona uamuzi huo kuwa sahihi kwa usalama, na nausema huku nikijua gharama yake. Ulimwondoa mjazaji haramu, ndiyo, lakini pia ulimtia mjazaji mdogo halali mikononi mwa wakubwa, kwa sababu idhini inatolewa na yule yule anayeshindana naye. Kanuni ya usalama ikawa pia kanuni ya soko. Wangeketi na wadogo kabla ya kuipitisha, wangeweza kuweka masharti ya idhini: itolewe kwa muda gani, na ikikataliwa, mtu akate rufaa wapi. Hayo ni maswali ya biashara yaliyofunikwa na neno usalama.

Na usalama wenyewe haukuja kwa kanuni peke yake. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, katika eneo lililojaa nyumba za watu. Watu walikufa, na waliojeruhiwa walipita mia mbili. EPRA ilieleza kwamba maombi ya kituo cha gesi mahali pale yalikuwa yamefika kwake mara tatu mwaka 2023 na yote yakakataliwa, kwa sababu kubwa kwamba palikuwa na msongamano wa makazi. Mamlaka ya mazingira, NEMA, nayo ikakiri kwamba leseni ya mazingira ilikuwa imetolewa isivyostahili, na maafisa wake wakasimamishwa kazi. Ofisi moja ilisema hapana, nyingine ilikuwa imeshasema ndiyo, na kati ya hizo mbili hapakuwa na waya wa kupeleka neno. Ninapodai meza moja ya sera, msikilizaji, sidai jambo la kupendezesha makaratasi. Wapo watu wangelala usiku ule wakaamka.

Mwaka huo huo wa 2024 tuliona pia ushuru wa mazingira ukiletwa ndani ya Mswada wa Fedha. Ulikusudiwa kuangukia bidhaa zinazoacha taka ngumu: simu, betri, matairi, hata nepi za watoto. Wazo la kumlipisha anayeleta taka gharama ya kuiondoa ni wazo zuri, na tayari tulikuwa na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 iliyomtaka mtengenezaji awajibikie bidhaa yake hadi inapotupwa. Lakini likiingizwa katika mswada wa kukusanya mapato, katikati ya ushuru wa mkate na wa magari, nani atakubali kwamba nia yake ni mazingira? Vijana waliingia barabarani Juni, wengine hawakurudi nyumbani, na mswada wote ukaondolewa. Ushuru wa mazingira ukazama na meli nzima, na hoja yenyewe ikapata jina baya ambalo litachukua miaka kusafika.

Mwezi mmoja baadaye Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa kinyume cha katiba, jambo moja kubwa likiwa namna wananchi walivyoshirikishwa. Sheria hiyo, unakumbuka, ndiyo iliyoifutia gesi VAT. Mahakama ya Juu ikasimamisha uamuzi huo mwezi wa Agosti, na tarehe 29 Oktoba ikairejesha sheria. Kwa muda wote huo mwenye kibanda cha gesi alikuwa anauza kwa sheria ambayo hakujua kama ni hai. Sizilaumu mahakama, zilifanya kazi yao. Nasema kwamba kushirikisha wananchi kukifanywa kwa haraka haraka, ili kutimiza sharti tu, mashaka yake huishia kwenye daftari la hesabu la mfanyabiashara.

Basi ninachokitaka ni hiki. Hazina iandike, ndani ya sheria yenyewe, kiwango cha ushuru wa gesi ya kupikia, wa mafuta ya taa na wa vifaa vya jua hadi mwisho wa 2028, mwaka ule ule wa lengo la nishati safi. Kama kiwango ni sufuri, kiwe sufuri hadi siku hiyo. Kama serikali inahitaji kitu, iseme kuanzia leo kwamba ni asilimia kadha na kadha, mwaka kwa mwaka. Mfanyabiashara anaweza kuishi na ushuru anaoujua. Na mabadiliko ya kodi ya nishati yasianze siku ile ile ya kwanza ya mwaka wa fedha. Mwenye stoo apewe angalau miezi mitatu auze alichonunua kwa bei ya zamani.

Najua nitaambiwa kwamba Bunge haliwezi kulifunga mikono Bunge la kesho. Ni kweli. Lakini Bunge la kesho likitaka kuvunja ahadi iliyoandikwa, litalazimika kusimama hadharani na kueleza kwa nini. Leo halina ahadi yoyote ya kuvunja.

Wewe nawe unayeuza gesi, mkaa, paneli au mandazi, una mahali pa kuingilia. Mwezi wa Mei Kamati ya Fedha hutangaza magazetini ikiomba maoni ya wananchi kwa maandishi. Kampuni kubwa huandika, kupitia mawakili na vyama vyao, na ndiyo maana sauti yao husikika. Wenye vibanda hawaandiki, nao ni wengi kuliko wote. Haihitaji Kiingereza; Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii na ni lugha ya Bunge. Haihitaji kurasa kumi. Mkutane watu watano wa soko moja, muandike ukurasa mmoja: mnauza nini, mnanunua kwa nani, ushuru ulipobadilika mlipoteza kiasi gani. Mwambatishe risiti ya ununuzi ya mwisho wa Juni na ile ya mwanzo wa Julai, ya mtungi ule ule, kutoka kwa msambazaji yule yule. Mpeleke kwa karani wa Bunge kabla ya siku iliyotajwa, na mdai mpigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.